Sadaka ya Watu Saba

Ukimpa mmoja leo, kesho watakuja wawili. Hilo Mosi binti Salum alilijua tangu siku ya kwanza, na siku hiyo hiyo ya kwanza alitoa. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake pale Mwembesongo, anageuza mikate ya mtama juu ya kigae, mara mwanamke mmoja mrefu, mkavu, amejifunga kipande cha gunia, akaja akasimama mbele yake. Hakuomba. Alisimama tu akautazama mkate unavyoiva, mpaka mkono wa Mosi wenyewe ukakata nusu ukampa.

"Waitwa nani?"

"Veronika."

"Umetoka wapi?"

"Mahenge."

Neno hilo moja lilitosha. Mwaka ule hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza kumetokea nini Mahenge. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha, Wadachi wamechoma ghala na mashamba, na waliosalimika na risasi njaa ikawamalizia kazi. Aliyebaki na miguu alitembea. Baadhi yao miguu iliwafikisha Morogoro kwenye stesheni mpya ya gari la moshi, wakakosa pa kwenda, wakalala barazani kwa Hasanali mwenye duka.

Kesho yake Veronika alikuja na mzee mmoja aitwaye Yakobo, mwenye chongo. Siku ya tatu wakawa wanne. Wiki haijaisha, walikuwa saba, wamejipanga chini ya ukuta wa nyumba ya Mosi kama watu wanaongoja shauri lao bomani. Hawakutukana mtu, wala hawakuiba. Walitazama. Sasa ni nani awezaye kutafuna mkate wake huku macho kumi na matatu yanamfuata tonge mpaka kooni? Vibarua wa reli ndio waliokuwa wateja wa Mosi, na vibarua nao ni watu. Walisimama, wakaangalia ukutani, wakajikuna kichwa, kisha wakavuka njia kwenda kula mihogo ya kuchoma ya Hidaya.

"Wape kidogo kidogo," alisema mumewe Stambuli, ambaye kazi yake ilikuwa kupigilia misumari ya reli kwenye mataruma. "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri."

"Moyo!" Mosi alimjibu. "Na mtama ninaoutwanga nao ni wa moyo? Ukiwapa wewe, ni mara moja, jioni, ukitoka kazini. Mimi ndiye ninayeshinda nao."

Alijaribu kila njia, asije mtu akasema hakujaribu. Alijaribu kutoa Ijumaa tu, kama Hasanali, ambaye kila Ijumaa baada ya sala alisimama mlangoni na kikapu kidogo akimpa kila maskini hela moja. Lakini Ijumaa yao haikuisha Jumamosi. Akajaribu kuwapa mikate iliyoungua. Waliila na kushukuru kuliko wateja walionunua mizuri. Akajaribu kununa. Siku moja alimwaga maji ya vyombo karibu na miguu yao, akajifanya mkono umeteleza. Yakobo akasogeza miguu, akasema, "Pole, mama." Mosi aliingia ndani akakaa juu ya kinu kwa muda, kwa aibu, halafu kwa hasira. Kwa nini aone aibu nyumbani kwake mwenyewe?

Jumatano akajifunga kanga yake mpya akaenda kwa Jumbe Kibwana. Hakumwambia mumewe.

"Shikamoo, jumbe."

"Marahaba, Mama Asia," alisema jumbe, akimwita kwa jina la binti wa Mosi aliyeolewa mbali. "Leo umenijia na neno gani?"

Akamweleza. Jumbe alimsikiliza huku akijichokonoa meno.

"Sasa wewe wataka nini hasa?"

"Nataka wasogezwe kidogo tu, jumbe."

"Kidogo kiasi gani?"

"Wasionekane."

Jumbe Kibwana akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. "Wako wangapi?"

"Saba."

"Mikono wanayo?"

"Mikono?" Mosi alishangaa. "Wanayo. Kwa nini wasiwe na mikono?"

"Basi nenda ukapike mikate yako."

Asubuhi yake, kabla moto haujakolea, askari wawili walifika. Wakawasimamisha wale saba, wakawafunga kamba ya viunoni mmoja nyuma ya mwingine, wakawaelekeza njia ya Mazimbu. Yote yalikwisha upesi kuliko kukanda unga. Veronika alikuwa wa tatu kwenye kamba. Alipopita mbele ya kigae akageuza shingo.

"Mama! Tusemee, mama! Wewe watujua!"

Mosi akageuza mkate. Ulikuwa haujaiva, akaugeuza tena.

Vibarua walirudi siku hiyo hiyo.

Wiki mbili hazikupita, Stambuli aliletwa nyumbani kabebwa mgongoni. Alikuwa amekanyaga msumari wa reli siku nne nyuma, akautoa, akatema mate juu ya tundu, akaendelea na kazi. Sasa mguu ulikuwa umevimba mpaka gotini, na mwili wake ulichoma ukiugusa. Bomani walimpa dawa chungu ya unga, akainywa yote. Mosi akakanda mguu kwa majani ambayo mjomba wake alishuka nayo kutoka mlimani. Uvimbe ukapanda juu ya goti. Siku ya sita Stambuli alianza kuzungumza na mama yake aliyekufa, tena kwa furaha, na hapo ndipo Mosi alipoishiwa nguvu.

Akamwita Mwalimu Yunusi wa chuo cha Kurani. Mwalimu alisoma, akampulizia mgonjwa maji, akaufunua mguu, akautazama, akaufunika tena.

"Mwalimu, sema tu."

"Mimi si mganga, Mama Asia. Ila tumeambiwa wagonjwa tuwatibu kwa sadaka. Mchinjie kuku, umpike na wali, uwalishe maskini saba. Wale washibe. Wakishiba kwa radhi yao, wainue mikono wamwombee. Dua ya mwenye njaa aliyeshibishwa haizuiliwi na kitu."

"Maskini saba," Mosi alisema polepole.

"Saba. Na ukishanuia, chakula hicho si chenu tena. Asikionje mtu wa nyumba hii, wala kisirudi chunguni."

Kuku Mosi alikuwa naye mmoja tu, tena mtagaji. Mchele hakuwa nao. Kwa mtu wa kawaida wali mwaka ule ulikuwa jambo la kuota. Alikwenda kwa Hasanali na ile kanga yake mpya imekunjwa kwapani, akaiweka juu ya meza bila kusema. Rashida, mke wa Hasanali, akaikunjua, akaitazama pindo moja moja mwangani kama anayetafuta chawa, watu wakiwapo, kisha akamwita mumewe apime mchele pishi mbili. Mosi akatoka dukani amejifunga kaniki yake ya jikoni. Hakuona uchungu wa kanga. Alikuwa anawaza saba, saba, atawatoa wapi.

Ijumaa akapika. Harufu ya kuku na wali ilitoka nyumbani mwake ikazunguka Mwembesongo yote, na watu waliokuwa hawajamtembelea mgonjwa hata siku moja wakakumbuka kuja kumpa pole. Hidaya wa ng'ambo ya njia alikuja na wanawe wote.

"Nimesikia una sadaka, shoga."

"Ni ya maskini, Hidaya."

"Na mimi ni nani? Nitazame vizuri. Mume kanikimbia, mtama wangu umeliwa na ngedere, wanangu hawa hapa. Sasa umaskini utauona wapi tena, mpaka uvae njuga?"

Mosi alimwangalia Mwalimu Yunusi. Mwalimu akatikisa kichwa. "Hidaya, jiko lako lina moto. Mimi nimesema maskini, sikusema majirani."

"Haya basi, mtafuteni huyo maskini wenu!" Hidaya akashika watoto mikono. "Mji mzima hauna hata mmoja. Tangu lini? Wale wa ukutani kwako si wamesombwa? Tena sijui ni nani aliyewachongea."

Mosi akainama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Alitoka, akaenda sokoni, akaenda stesheni, akazunguka mpaka mtoni. Nani angeamini? Mtu anatembea mji mzima anatafuta maskini kama atafutaye mbuzi aliyepotea! Alimwona mzee amekaa peke yake chini, akamkimbilia, kumbe ni fundi viatu anapumzika. Mzee akamtukana. Akafika tena kwa Hasanali, akamkuta amesimama mlangoni na kile kikapu chake, na hela zote zimo.

"Bwana Hasanali, hukumwona hata mmoja?"

"Ijumaa ya tatu hii, Mama Asia," alisema Hasanali, na uso wake ulikuwa umechoka. "Baba yangu alitoa, mimi nimetoa, hatujakosa Ijumaa moja. Sasa nasimama hapa kama mjinga. Zamani nilisema, ee Mungu, watu hawa wananichafulia baraza. Sasa baraza safi, lakini roho yangu haina raha. Wewe wajua wamepelekwa wapi?"

"Nitauliza," alisema Mosi.

Kwa Jumbe Kibwana hakuitikiwa hodi mpaka mara ya nne.

"Wale watu?" Jumbe alisema. "Wako kambi ya reli, mbele ya Mazimbu, wanabeba mawe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mzungu wa reli anataka watu, wewe unataka njia yako, kila mtu amepata lake. Au umekuja kunishitaki kwa kuwa nimekusaidia?"

"Hapana, jumbe."

"Ulisema wasionekane."

"Nilisema."

Akarudi nyumbani. Jua lilikuwa limeshapinduka. Stambuli, kwa bahati, alikuwa na akili zake saa hiyo.

"Bado hawajaja?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wako mbali kidogo. Nitawapelekea."

"Mbali wapi? Na wewe umechoka."

"Pumzika tu, baba."

Akamwacha na mwalimu, akafunika chungu kwa majani ya mgomba, akatia ngata kichwani, akatwika. Chungu kilikuwa bado cha moto. Njia nzima, milima ya Uluguru ikiwa nyuma yake na vumbi mbele yake, alirudia maneno aliyofundishwa: Hii ni sadaka ya mgonjwa wangu, kuleni mshibe, mniombee. Aliyarudia kama mtoto anayetumwa dukani asije akasahau. Mchuzi ulimchuruzika shingoni, akaufuta kwa mkono, akajikumbusha asiulambe ule mkono.

Kambini nyapara alimzuia.

"Nani maskini hapa? Hapa hakuna maskini. Kila mtu ana kipande chake cha kazi, kimeandikwa jina."

"Nawatafuta watu wa Mahenge, bwana. Saba. Nimewaletea chakula."

Nyapara akafunua majani, akanusa, akachagua paja la kuku, akalila mbele yake taratibu mpaka mfupa, akaulamba. "Wako kule kwenye mawe. Usikae sana."

Aliwatambua kwa migongo kabla ya nyuso. Veronika ndiye aliyemwona kwanza. Akatua kapu la mawe, akapiga kofi moja kubwa.

"Mama wa mikate! Jamani, si niliwaambia? Si niliwaambia mimi? Nilisema yule mama ana moyo, atatutafuta mpaka atuone! Yakobo, nilisema sikusema?"

"Ulisema," alijibu Yakobo.

Wakaja. Viganja vyao vilikuwa vimechubuka, na vumbi la mawe limewageuza wote rangi moja. Wakakaa chini kukizunguka chungu. Mosi aliwahesabu kwa macho, akahesabu tena.

"Mko sita."

"Yule binti mwenye kikohozi tulimzika Jumatatu," alisema Veronika. "Usisimame, mama, kaa. Umetembea mbali."

Mosi hakukaa. Yale maneno aliyokuja akiyarudia njia nzima yalikuwa pale pale mdomoni, mafupi, mepesi. Wangesema amina. Wangeinua mikono yao yote kumi na miwili, Veronika angeomba kwa sauti kuliko wote, kwa furaha, na pengine Mungu angesikia, maana Mwalimu Yunusi alisema dua ile haizuiliwi. Kulikuwa na mtu nyumbani anachomeka kwa homa, mume wake wa miaka ishirini. Kilichotakiwa ni kunyamaza tu, na kunyamaza si alishakuweza? Veronika alikuwa ameshakata jani, anamtengea Yakobo wali.

"Mimi ndiye niliyekwenda kwa jumbe," alisema Mosi.

Mikono ikasimama.

"Nini?" aliuliza Veronika.

"Kuwaondoa pale. Ni mimi. Wateja walikuwa wananikimbia. Sikujua kama mtaletwa huku, lakini ni mimi niliyekwenda. Hakuna mwingine."

Veronika akamtazama. Uso wake haukukasirika. Ulilegea tu, kama wa mtu aliyetua mzigo mahali akaambiwa si hapa, ubebe tena. Wengine wakaangalia chungu. Kule kwenye mawe nyapara akapiga kelele kwamba muda unakwisha.

Yakobo akamgeuzia Mosi lile jicho lake moja.

"Tumekusikia, mama," alisema. "Mimina mchuzi."

Mosi akamimina. Mchuzi ukamwagika kidogo nje ya jani la Veronika, na Veronika akalisogeza karibu, akaanza kula. Wakala wote. Walikula kuku na mifupa ya kuku, wakakomba chungu kwa vidole mpaka kikang'aa. Hakuna aliyemlaani. Hakuna aliyeshukuru pia, wala aliyeinua mikono, wala aliyeuliza chakula kile kilikuwa cha nini. Walipomaliza, Veronika alikisugua chungu kwa mchanga, kama afanyavyo mwanamke yeyote aliyelelewa vizuri, akakiweka chini, mbali kidogo na mkono wa Mosi uliokuwa umenyooshwa kukipokea. Kisha akatwika kapu lake la mawe.

Alifika nyumbani jua linakaribia kuzama. Mwalimu Yunusi alikuwa ameondoka kwenda kusalisha. Stambuli alikuwa macho, ameegemezwa ukutani, na kwa jinsi alivyomtazama, Mosi alijua kwamba alikuwa akingojwa mchana kutwa.

"Walipokea?"

"Walipokea."

"Wakashiba?"

"Walikula chote."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi. "Na dua?"

Mosi akatua chungu. Miguu ilikuwa haimsikii tena, akakaa chini sakafuni, akainyoosha.

"Sikuwaomba, Stambuli."

"Hukuwaomba? Nawe ulikwenda kwa kitu gani?"

Akamwambia. Alianzia kwa jumbe, akamwambia na lile neno lake, "wasionekane", na ya kamba, na Veronika alivyogeuza shingo, na yule binti wa Jumatatu. Hakulia, alikuwa amechoka mno. Aliyasema yote mfululizo, huku anatazama ule mguu uliovimba juu ya mkeka, maana usoni hakuweza. Alipomaliza, nje Hidaya alisikika akiwaita wanawe waingie.

"Nipe maji," alisema Stambuli.

Akainuka akampa. Ilibidi amshikie kata, na meno yake yakagongagonga kwenye kifuu. Alikunywa kidogo, mengine yakamwagikia kifuani. Akafumba macho, Mosi akadhani ataanza tena kuzungumza na mama yake.

"Kesho wapikie tena," alisema Stambuli.

"Nipike nini? Kuku amekwisha. Mchele ulikuwa ni ule tu."

"Mtama upo?"

"Upo kidogo."

"Basi pika uji."